Mchezo ni Mtoto wa Kazi

Lipo lalamiko linalosikika kila wazee wanapokutana, iwe barazani, iwe kilabuni, iwe chini ya mwembe: kwamba vijana wa leo wameitupa michezo ya shamba. Hawashindani kwa ngalawa, hawapigani mieleka, hawalengi shabaha kwa mkuki wala kwa upinde, hawajui kumkabili fahali. Na ukiwauliza habari za msako wa nguruwe kwa mbwa na nyavu, hukutazama kama mtu aliyetoka nchi nyingine. Hukumu nayo hufuata mara moja: vijana ni wavivu, vijana wamelewa mambo ya mjini, vijana hawana heshima kwa mila.

Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo, ingawa ushahidi wake hatuukatai. Ni kweli kwamba michezo hiyo imepungua. Lakini mtu auonaye mti umenyauka, akaulaumu kwa kutotoa maua bila kuchimba aitazame mizizi yake, hausaidii mti wala hajisaidii mwenyewe. Leo twapenda kuwaomba wasomaji wetu, wanachama na wafanyakazi, tuchimbe pamoja.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba michezo ya shamba haikuzaliwa kama ulivyozaliwa mpira wa miguu. Mpira ulitufikia ukiwa na kanuni zake mkononi, kanuni zilizoanza kuandikwa London mwaka 1863. Michezo ya shamba haikuandikwa na mtu. Ilizaliwa na kazi. Mchungaji alijua kurusha mkuki na rungu kwa sababu fisi na simba walimfundisha. Mkulima aliingia msakoni kwa sababu nguruwe walikuwa wanamaliza mihogo yake. Kwanza ilikuja kazi, kisha ukaja ustadi wa kazi, kisha ustadi ukatafuta mahali pa kujionyesha, na hapo ndipo mchezo ulipozaliwa.

Tuichukue ngalawa. Chombo hiki huchongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe, kikatiwa matengo pande zote mbili kisipinduke, kikasimamishiwa mlingoti na kupandishwa tanga la pembe tatu. Mvuvi aliyekishusha majini alfajiri hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta riziki. Lakini saa ya kurudi, ngalawa mbili zinapokaribiana, na samaki wa kwanza kufika mnadani ndiye mwenye bei, nani asiyetaka kutangulia? Siku ya sikukuu watu hawakufanya jingine ila kuyatoa mashindano hayo katika kazi na kuyaweka mbele ya macho ya mji mzima. Kijana aliyeshinda alikuwa amekwisha fanya mazoezi mwaka mzima pasipo kujua kwamba ni mazoezi. Alikuwa amejifunza kubisha upepo unapomkabili. Kutoka nje na kukaa juu ya tengo la upande wa goshini, kule upepo utokako, ili uzito wake uizuie ngalawa isilale. Kukumba maji bila kupoteza mwendo. Na kuisoma rangi ya bahari apate kujua mwamba ulipo.

Huko Pemba nako, mchezo wa ng'ombe huchezwa wakati wa kiangazi. Fahali hutiwa uwanjani, vijana humchokoza kwa nguo na kwa maneno, nao huzikwepa pembe zake kwa wepesi wa miguu. Ngoma hulia, wanawake huimba, na mwisho wa yote fahali hachinjwi, bali hurudi zizini kwake. Watu wengi husema kwamba mchezo huo una asili ya Wareno, ambao walitawala pwani yetu katika karne ya 16 na ya 17. Iwe hivyo au isiwe hivyo, Wapemba waliweza kuufanya kuwa wao kwa sababu walikuwa na ng'ombe, walikuwa na majira ya kupumzika wakingoja mvua, na walikuwa na uwanja. Kimoja katika hivyo vitatu kikiondoka, mchezo huanza kuchechemea.

Basi sasa tuitazame kazi yenyewe, maana mchezo ukiugua ni lazima aulizwe mzazi wake. Katika sehemu nyingi za pwani boti za faiba zenye mashine zimechukua nafasi ya ngalawa, na magogo ya kuchongea hayapatikani kwa urahisi kama zamani. Hatuwezi kumlaumu mvuvi kwa kutaka chombo kinachofika mbali na kurudi upesi. Mtoto aliyekuwa akichunga mchana kutwa sasa yuko darasani. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na hasa tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, nchi yetu iliamua kwamba mahali pa mtoto asubuhi ni shuleni. Nani mwenye akili atakayetaka uamuzi huo urudishwe nyuma? Watu waliohesabiwa nchini Tanzania mwaka 1967 walikuwa kiasi cha milioni 12.3. Waliohesabiwa mwaka 2022 walikuwa milioni 61.7. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Uwanda wa mieleka umekuwa shamba, shamba limekuwa viwanja vya nyumba, na pori la msako limekuwa kijiji au hifadhi.

Sheria nazo zimebadilika, tena kwa sababu njema. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na nchini Tanzania mtu haruhusiwi kuwinda mnyama wa porini pasipo kibali. Wanyama wetu wamepungua vya kutosha, na hakuna mchezo unaostahili kulipiwa kwa kizazi cha mwisho cha mnyama yeyote.

Kwa hiyo twasema wazi: kijana wa leo hakuutupa mchezo wa shamba kwa dharau. Alizaliwa akaukuta tayari ni yatima. Kumwambia acheze ngalawa ilhali baba yake hana ngalawa, au arushe mkuki ilhali hajapata kuchunga hata mbuzi, ni kumwambia avune asichopanda na asichopandiwa.

Je, hiyo ndiyo kusema tukae kimya, tukubali kwamba yaliyopita yamepita? La hasha. Kwa maana pengo lililoachwa na michezo hiyo halikubaki tupu, na lililoingia ndani yake si lote la kheri.

Tusieleweke vibaya: hatuna ugomvi na mpira. Young Africans iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na klabu hizo ni sehemu ya historia ya watu wetu. Chandimu inayochezwa kwa mpira wa makaratasi katika uchochoro au pembeni mwa shamba la mahindi ni mchezo wa kweli, wenye jasho na vicheko. Ugomvi wetu ni na kiti. Ni na yale masaa ambayo kijana mwenye nguvu huketi akiwatazama wachezaji wa nchi za mbali wakikimbia kwa niaba yake, kisha anasimama akiwa amechoka kama kwamba alikimbia yeye. Na zaidi ugomvi wetu ni na kile wanachokiita “mkeka”. Mkeka wa babu zetu ulitandikwa ili watu waketi pamoja. Mkeka wa leo ni orodha ya timu alizozibashiri kijana mmoja, peke yake, juu ya simu yake, kwa fedha ambayo pengine ilikuwa nauli ya kesho au ada ya mdogo wake. Huo hauwezi kuitwa mchezo. Ni biashara, na wenye biashara hiyo wanajua hesabu zao vizuri kuliko mteja wao.

Linganisha hayo na michezo ya shamba, utaona tulichokipoteza. Kwanza, tulipoteza mchezo ambao wenyewe ni wenye kijiji. Hakuna aliyelipa kiingilio kuona resi za ngalawa. Pwani ilikuwa uwanja, na kila mtu alikuwa na jamaa yake majini. Pili, tulipoteza shule isiyo na ukuta. Mambo aliyoyajua nahodha kijana juu ya kusi na kaskazi, juu ya maji kupwa na maji kujaa, hayamo katika kitabu cha darasa la saba, na mengi hayajaandikwa mahali popote. Yamo vichwani mwa watu ambao umri wao umesonga. Siku watakapozikwa, yatazikwa nao. Tatu, na pengine hili ndilo kubwa kuliko yote, tulipoteza mahali ambapo mzee na kijana walikutana kwa furaha. Mzee alikuwa mwamuzi, mwalimu, na mtunzaji wa kumbukumbu za waliowahi kushinda. Leo wanakutana wapi? Msibani, na katika kesi za mashamba.

Linasikitisha zaidi jambo hili: katika miaka ya 2010 walikuwapo wageni waliosafiri kutoka Ulaya na kulipa fedha nyingi ili waje washindane kwa ngalawa katika pwani yetu. Hatuwaonei kijicho, wageni hao walikiona chombo, wakakipenda, wakapima ujasiri wao juu yake. Lakini taifa ambalo wageni wake hulipa ili wacheze mchezo ambao watoto wake hawaujui, halina budi kujiuliza maswali.

Sasa, kama mchezo ni mtoto wa kazi, na kazi imekwisha kuondoka, yatima huyu atalelewa na nani? Hapa ndipo tunapopenda kuwaelekeza wasomaji wetu kwa ndugu zetu Wamasai wa kusini mwa Kenya, wanaoishi karibu na Amboseli, kwa maana wao walikabili swali hili katika hali ngumu kuliko yetu.

Kwa Wamasai, kumwinda simba kwa mkuki, jambo waliitalo olamayio, lilikuwa kipimo cha ushujaa wa morani. Nalo lilikuwa mtoto halali wa kazi: simba alikuwa adui wa zizi, na kijana aliyemwua alikuwa ameilinda mali ya jamii. Lakini simba walipungua, sumu ikaanza kutumiwa dhidi yao, sheria ikakataza, na jamii ikaona kwamba ikiendelea hivyo vijana wataingia gerezani na simba watakwisha. Wazee wangeweza kufanya moja katika mambo mawili mepesi: kukaidi, au kukaa na kunung'unika kwamba morani wa siku hizi si wanaume. Hawakufanya hata moja. Walikaa na watu wa uhifadhi wakatafuta uwanja mwingine wa ushujaa.

Mwezi wa Desemba 2012 ikafanyika kwa mara ya kwanza, huko Kimana, michezo iliyoitwa Olimpiki ya Wamasai. Tazama walichokichagua: kurusha mkuki, kurusha rungu kwa shabaha, kuruka juu kama morani wanavyoruka katika ngoma zao, na mbio za mita 200, 800 na 5,000. Hakuna mchezo hata mmoja kati ya hiyo ambao morani alihitaji kuletewa mwalimu kutoka mbali amfundishe maana yake. Wasichana nao walipewa mbio zao, jambo ambalo uwindaji wa simba haukupata kuwapa. Mlezi wa michezo hiyo akawa David Rudisha, Mmasai aliyepata medali ya dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka huo huo wa 2012, kwa muda wa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameupata kabla yake. Morani alipomwona alijua kwamba mwili kama wake, uliolelewa katika nchi kama yake, unaweza kuishangaza dunia pasipo kuua chochote.

Somo la Kimana ni hili: hawakujaribu kuuhifadhi mchezo kama maiti ndani ya jumba la makumbusho. Waliuliza mchezo ule ulikuwa na moyo gani, wakaukuta: ni kijana kujipima mbele ya watu wake. Moyo huo wakautia katika mwili mpya. Yaliyokuwa na madhara waliyaacha. Yaliyokuwa na faida waliyapa uwanja, siku na mshindi.

Mfano mwingine uko Lamu. Katika mji ule wa njia nyembamba, punda bado ni mchukuzi wa mchanga, mawe na mizigo ya kila siku. Kwa sababu hiyo resi za punda katika tamasha la utamaduni la Lamu hazikosi wapandaji, na wapandaji ni vijana. Hakuna aliyewahimiza kwa hotuba. Kazi ingali hai, na mtoto wake angali anacheza. Hilo lathibitisha tulilolisema: kijana hachukii mchezo wa kwao, ila anahitaji kuukuta ukiwa na miguu.

Hatuwezi kusema kwamba jambo hili halikupata kufikiriwa na viongozi wetu. Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, naye alisikitika kwamba wengi walijua kucheza dansi za kigeni na hawakuzijua hata kwa jina ngoma za makabila yao. Mwaka 1967 likaundwa kwa sheria Baraza la Michezo la Taifa. Lakini baraza, hata likiwa na nia njema namna gani, haliwezi kuwa pwani, wala haliwezi kuwa zizi. Mchezo wa shamba hauishi kwa amri ya makao makuu. Huishi kijijini au hauishi kabisa.

Wafanyakazi wanalijua hili kuliko watu wengi. Katika mashindano ya SHIMIWI, yanayowakutanisha watumishi wa wizara na idara za Serikali, kuvuta kamba na bao vina heshima yake pamoja na mpira na netiboli. Mtumishi aliyekaa mezani mwaka mzima hushika kamba, huchimba kisigino ardhini, na wizara nzima humshangilia. Hakuna anayesema kwamba mchezo ule umepitwa na wakati. Kwa nini? Kwa sababu una tarehe, una timu, una mwamuzi, na una mtu wa kumshinda. Ikiwa ofisi inaweza kuulea mchezo ambao haukuzaliwa ofisini, kijiji kitashindwaje kuulea uliozaliwa nyumbani kwake?

Basi twapendekeza mambo manne, na yote yako katika uwezo wetu.

La kwanza ni uwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano wa kijiji uwezo wa kutenga ardhi kwa matumizi ya wote. Tunapogawa viwanja vya nyumba, ghala na zahanati, tutenge na mahali pa mchezo, tupaandike, na tusimruhusu mtu yeyote kupala. Mwanachama anayehudhuria mkutano huo ana sauti, na aitumie.

La pili ni siku. Kule Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa hufanyika kila mwaka mwezi wa Julai, na wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba mbele ya watu wote. Siku ile inajulikana, nayo inangojewa. Mchezo usio na siku yake ni kama mgeni asiye na mwenyeji. Kila kijiji kichague siku moja katika mwaka, baada ya mavuno au kusi linapotulia, na kisiibadili kwa sababu ya ziara ya mkubwa yeyote.

La tatu ni mwalimu. Wazee wanaojua kuchonga, kulenga, kubisha na kukwepa waitwe shuleni mchana baada ya masomo, waitwe kwa heshima, na wapewe posho kama anavyopewa fundi mwingine. Kazi zao zimeondoka, lakini ustadi wao ungali mikononi. Na wasichana wasiachwe nje ya uwanja. Mchezo ukifunga mlango kwa nusu ya vijana usije ukalalamika kwamba vijana hawaji.

La nne ni busara. Mchezo wa ngalawa uwe na majaketi ya kuokolea watu. Mchezo wa ng'ombe usiwe mateso ya ng'ombe. Uwindaji wa simba na ubaki katika hadithi. Na mdhamini akija na fedha zake, tumkaribishe, lakini asije akaugeuza mchezo wa kijiji kuwa tangazo lake, wala asije na mikeka yake.

Kwa vijana tuna neno moja: msingojee kuombwa. Mwulizeni mzee alivyokuwa akifanya, hata kama ataanza kwa kuwakaripia. Kwa wazee nao tuna neno: acheni kulalamika mbele ya kijana ambaye hamkupata kumfundisha. Mwenye ngalawa iliyolala mchangani aizibe nyufa, aishushe majini, na siku ya kwanza ampe kijana usukani, akae yeye mbele na kumwonyesha mwamba ulipo.